Zamu ya Kulia

Elkana,

Sikuandikii ili kukuombea pumziko. Waliokuombea ni wengi, nawe ulipenda kuombewa kwa sauti kubwa, kwa hiyo nadhani umetosheka. Nakuandikia kwa sababu nina hasira nawe, na mtu pekee niliyestahili kumwambia hasira hiyo ndiye aliyeondoka.

Wiki iliyopita wazee wa kanisa waliniita waniulize kama naweza kuendelea kuongoza ibada au nimpishe mtu mwingine. Nitakueleza nilichowajibu. Lakini kwanza utasikiliza yaliyotangulia, na safari hii hutanikatiza kwa "Haleluya".

Unakumbuka ulivyonipa kazi hii? Mimi nakumbuka. Kifua chako kilikuwa kimekwisha kwa vumbi la mawe, nawe ulikuwa umekataa kuvuka kwenda hospitali kwa kuwa, ulisema, kondoo hawaachwi peke yao. Jumapili ile ukasimama mbele ya watu, ukanishika mkono, ukauinua juu kama wa mwanandondi aliyeshinda. "Huyu ndiye atakayewaongoza. Mnasemaje?" Wakapiga makofi. Hukuwa umeniuliza. Ulijua kwamba ungeniuliza tukiwa wawili ningekataa, na kwamba mbele ya watu nisingeweza. Huo haukuwa wito. Ulikuwa mtego.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu. Nilikuja kanisani kusoma somo la kwanza na kurekebisha maneno ya nyimbo mliyoyaandika ovyo ukutani. Sauti yangu ni ya kuita majina ya wanafunzi asubuhi. Ulilijua hilo vizuri. Ni wewe uliyenibandika jina la Bwana Ngeli. "Bwana Ngeli, moto hauletwi na kamusi!" Ulilisema hilo mbele ya watu wote, wakacheka, nami nikacheka nao. Kwa taarifa yako, sikufurahi.

Tena ukaniachia ile desturi yako. Watu husimama tangu wimbo wa kwanza, wala hawaketi mpaka mmoja wao alie. Chozi likionekana, Shemasi Karisa huinua mkono, watu hushukuru, huketi, na Neno husomwa. Chozi lisipoonekana, pambio hurudiwa. Ulipoianzisha, hakuna aliyekuuliza imeandikwa wapi. Mimi nilikuuliza. Ulinijibu kwamba nina moyo wa chokaa, kisha ukaniomba kipande cha mkate wangu wa sinia, nami nikakupa.

Sasa sikiliza yaliyobadilika tangu uondoke.

Yule askari aliyepiga kayamba amehamishwa. Muuguzi aliyejua sauti ya pili amehamishwa pia, na mumewe. Unajua kanisa letu lilivyo: watumishi wa serikali huja, hujifunza nyimbo, na wakishazijua huletewa barua ya uhamisho. Wanaobaki ni watu wa machimbo. Wanaume wanakata mawe ya kujengea wiki nzima juani, wanawake wanagonga kokoto, na Jumapili wanakuja wamenawa nyuso huku vumbi jeupe lingali nyuma ya masikio. Ngoma imepasuka upande mmoja. Tunapiga upande uliobaki.

Nami huvuka bahari kutoka Langoni, mjini, kuja Manda kila Jumapili asubuhi, na mwavuli wangu uliokuwa ukiucheka. Magoti yananiuma nikishuka botini. Nikifika husimama mahali uliposimama wewe, nikafungua kinywa, na hakuna kitu ndani yangu. Sisemi kwamba ninayo imani kidogo. Imani yangu iko palepale. Nasema hamu haipo. Naanzisha wimbo kama mtu anayefagia ua. Wakati mwingine, katikati ya pambio, nawaza kama nimeufunga mlango wa jikoni.

Na kila Jumapili, wakati nimesimama pale mkavu, mtu alilia. Leo Mama Atieno, wiki ifuatayo Odhiambo, halafu mwingine. Karisa akainua mkono, watu wakaketi. Nikajiambia: hawa wote wanaguswa, nami ndiye jiwe lililobaki. Nilifunga. Niliomba hata nikasinzia kwenye maombi. Nilijaribu kukumbuka mambo ya kuhuzunisha, ukiwemo wewe. Haikusaidia. Hata siku mwili wako uliposafirishwa kwenu bara sikupanda lile basi, na walioniona nimesimama jetini jicho kavu walinong'ona. Nilidhani wananong'ona kweli tupu.

Nilikuonea wivu, Elkana. Nisikufiche. Wewe ulikuwa ukisimama pale, hujafika ubeti wa pili, shati limelowa jasho na mashavu yamelowa machozi. Nami nilikuwa nyuma yako na Biblia mkononi, nikifikiri, mtu huyu Mungu amempa nini ambacho mimi amenikatalia?

Sasa nakuja kwenye Jumapili yenyewe.

Upepo ulikuwa mkali tangu alfajiri, na ukuta wa makuti upande wa machimbo una tundu ambalo uliahidi kuliziba. Tuliimba wimbo wa kwanza, hakuna aliyelia. Tukaimba wa pili. Tukashika pambio na kulirudia mpaka maneno yakapoteza maana midomoni. Mama Atieno alikuwa akimtazama Odhiambo kwa jicho kali, nami sikuelewa kwa nini. Odhiambo alikuwa amefumba macho, anayumba. Alikuwa amekata mawe mpaka Jumamosi jioni kwa sababu jahazi la mzigo lilikuwa linangoja. Nilimwona akijishika kwenye nguzo.

Ndipo upepo ukalivurumisha lile vumbi jeupe kupitia tundu lako, likaniingia jicho la kulia. Unalijua vumbi hilo kuliko mimi, ndilo lililokuua. Jicho likawaka. Nilipoinua kichwa, chozi lilikuwa limefika kidevuni.

"Amelia!" Mama Atieno alipiga kelele. "Mwalimu amelia! Asante Yesu!"

Kanisa zima likalipuka. Karisa akainua mikono yote miwili. Mabenchi yakalia kwa watu walioketi kwa pamoja kama walioangushwa. Mzee mmoja nyuma alisema, "Hata jiwe la Manda limetoa maji!" Wakacheka kwa furaha. Na nikuambie, nyuso zile zilikuwa na furaha ya kweli. Walikuwa wananifurahia mimi.

Ningenyamaza tu. Wewe ungenyamaza, tena ungepiga magoti. Lakini mimi nimefundisha miaka mingi kwamba kosa lisilosahihishwa limekubaliwa. Nikatoa kitambaa, nikapangusa jicho, nikasema: "Endeleeni kuketi, maana mmechoka. Ila hili ni vumbi. Mimi sina chozi. Nami nimechoka, na leo sisikii kitu chochote."

Karisa akawa anashusha mikono polepole. Unamjua Karisa alivyo na kanuni. Akakohoa, akasema, "Basi simameni. Hilo halihesabiki."

Wakasimama tena, Elkana! Wanawake wenye watoto mgongoni, wakasimama tena. Isipokuwa Odhiambo. Yeye aliketi palepale akaangalia mikono yake, halafu akainuka, akachukua kofia, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi natoka. Hata kulia nimechoka. Mungu ananijua, hata nikilala." Akatoka. Wengine wanne au watano wakamfuata. Mimi nikasoma Neno mbele ya watu waliosimama, nikafunga ibada kabla ya sadaka.

Pale ufukweni nilipokuwa nikingoja boti, Mama Atieno alinifuata. Nilidhani anakuja kunifariji. Alikuja na kidole.

"Wewe nawe, Mwalimu! Si ungenyamaza tu? Tulikuwa tumeshakaa!"

Nikamwambia kwamba nisingeweza kusema uongo mahali pa Mungu.

"Uongo gani? Hukusema kitu. Sisi ndio tuliosema." Akaangalia nyuma kama tunasikilizwa, akashusha sauti. "Leo ilikuwa zamu ya Odhiambo. Akatuangusha. Wewe ukamwokoa, halafu ukamzamisha tena."

Nikauliza zamu ya nini.

"Zamu ya kulia, Mwalimu. Ulifikiri tunalia ovyo? Watu wamechoka. Kila Jumapili mmoja anajua ni yake, analia mapema, wenzake wakae. Mimi yangu hainisumbui. Nikifikiria kokoto za Jumatatu, machozi huja yenyewe."

Nilisimama pale maji yakinifika kwenye viatu. Nikamwuliza swali moja tu, nalo nadhani unalijua. Nilimwuliza kama wewe ulijua.

Mama Atieno alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza nani amempa mama yake ujauzito. "Elkana? Yeye ndiye aliyetupangia. Na yeye mwenyewe alikuwa na zamu yake kama sisi. Alikuwa akituambia, 'Jamani, leo mimi ni mkavu, nani atanibeba?' Tukambeba."

Basi.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani tangu siku hiyo na bado yananikera. "Leo mimi ni mkavu." Uliwaambia wao. Uliwaambia wagonga kokoto, uliwaambia wavulana wa machimbo, hukuniambia mimi. Tulivuka pamoja mara nyingi, nikija kukuchukua ulipokuwa na shughuli mjini, mimi na wewe na nahodha tu. Ulinieleza habari za meno yako. Ulinieleza ndoto zako zote, hata zile zisizo na mwisho. Mara moja nilikuambia, na halikuwa jambo rahisi kwa mtu kama mimi kulitamka, kwamba nikiimba sisikii kitu. Unakumbuka ulichonijibu? Ulinipiga bega, ukasema, "Omba zaidi, Bwana Ngeli."

Omba zaidi! Nawe ulikuwa na watu wa kukubeba.

Uliniacha niamini kwamba wewe ulikuwa moto na mimi jiwe. Uliniacha nisimame mahali pako wiki baada ya wiki, nikijihukumu, huku waumini wakilia kwa zamu ulizozipanga wewe. Na hawakuthubutu kuniingiza katika mpango wao. Nilipomwuliza Mama Atieno kwa nini, alicheka mpaka akashika mbavu. "Tuliogopa utatusahihisha kilio, Mwalimu!" Hilo nalo ni kazi yako. Nani aliyewafundisha kunicheka?

Wiki ile sikulala vizuri, nikawa mkali kwa kila mtu. Bi Khadija, mwenye nyumba ninayopanga, ambaye hukumpenda kwa sababu hakukubali kuombewa goti, aliniuliza sababu ya kutembea uani huku nikisema peke yangu. Nikamweleza. Sikujua namna nyingine ya kuyatoa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Yaani mwasimama na yua hili mpaka mtu alie?"

Nikasema ndiyo.

"Na asipolia?"

Nikasema tunarudia.

Akaguna. "Mie alfajiri huamka usingizi u matoni, nikatawadha, nikasali, nikarudi kulala. Siku nyengine sijui hata nimesoma sura gani. Lakini nimesali. Nyinyi Bwana Mwalimu, mwamtaka Mungu awatekenye kwanza?"

Nilimwambia kwamba dini zetu ni mbalimbali na kwamba jambo hili halilinganishwi hivyo. Akasema, "Haya, lilinganishe wewe uliyesoma," akaendelea na mchele wake. Nilikasirika mpaka nikaondoka bila kuaga. Baadaye jioni nilirudi nikamuaga kwa adabu, kwa sababu yeye ni mwenye nyumba, na kwa sababu nilikuwa sijapata jibu.

Ndipo wazee wakaniita. Karisa alizungumza kwanza, kama ilivyo desturi yake. Alisema kanisa limepoa tangu uende. Alisema kuna kijana huko Mokowe, ng'ambo, mwenye kinanda cha umeme ambaye hulia hata kabla kinanda hakijawashwa, na yuko tayari kuvuka. Alisema hana ubaya nami, lakini kiongozi wa sifa anayetangaza mbele ya watu kwamba hasikii kitu ni sawa na mpishi anayetangaza kwamba chakula hakina chumvi. Nikasema kwamba mpishi huyo angalau ameonja. Hakupenda.

Nilikuwa nimekwenda pale kuacha, Elkana. Nataka ulijue hilo. Maneno nilikuwa nayo tayari, sentensi tatu safi, bila kosa. Ningekuwa huru. Jumapili ningekaa nyuma na Biblia yangu, na kijana wa Mokowe angelia apendavyo.

Karisa akauliza, "Mwalimu, unataka kuendelea?"

Nikasema, "Sitaki."

"Basi acha."

Na nilipofungua kinywa kusema zile sentensi tatu, nilimwona Odhiambo mlangoni. Hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa kutoka. Alikuwa amesimama. Viti vilikuwepo, lakini alikuwa amesimama kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Nikamwazia kijana wa Mokowe na kinanda chake, na watu hawa wamesimama tena mbele yake, wakipeana zamu kwa siri ili wapumzishe miguu yao katika nyumba ya Mungu.

Nikasema, "Siachi."

Karisa akaniambia nichague moja. Nikamwambia nimeshachagua. Sitaki, wala siachi. Nikampa Odhiambo kiti, kisha nikawaeleza nitakavyoongoza: watu wataketi tangu mwanzo. Tutaimba nyimbo nne, si zaidi. Hakuna atakayetazamwa usoni. Atakayelia na alie, atakayesinzia na asinzie, na Neno litasomwa vilevile.

"Na moto?" Karisa akauliza. Uso wake ulikuwa na huzuni, nami nikamhurumia, maana anaupenda moto kwa dhati. "Mwalimu, moto tutaupata wapi?"

"Huo mwulize mwenye nao," nikamwambia. "Mimi nitaleta nyimbo."

Odhiambo akacheka peke yake, akaziba mdomo kwa kofia.

Walibishana sana. Mwishoni walinikubalia, si kwa sababu waliniamini, bali kwa sababu walishindwa kukubaliana juu ya nauli ya boti ya kijana yule na kinanda chake. Usidhani nilishinda.

Basi Jumapili iliyopita tukafanya hivyo. Nikawaambia waketi. Hawakujua la kufanya na mikono yao. Nikaanzisha wimbo juu mno, wanawake wakaacha njiani, nikauanza tena chini. Odhiambo alilala wimbo wa pili na akakoroma wakati wa zaburi. Mkewe alitaka kumwamsha, nikamwashiria amwache. Familia kadhaa hazikuja. Nasikia zimevuka kwenda Mokowe. Hakuna aliyelia. Mimi sikusikia kitu, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka. Nikafunga Biblia, watu wakatoka, wakasimama nje wakizungumza habari za maji ya kunywa. Mama Atieno alipita mbele yangu akasema, "Leo tumepumzika, Mwalimu. Lakini imepoa!" Nikasema, "Imepoa." Akaenda zake.

Hayo ndiyo yaliyopo. Sina habari nzuri ya kukupa, na kama ningekuwa nayo nisingekupa wewe.

Karisa hanisemeshi ila kwa mambo ya funguo. Wengine bado walisimama kwa mazoea, ikanibidi niwaambie waketi kama wanafunzi. Inawezekana kabisa kwamba kanisa litapungua mikononi mwangu mpaka libaki benchi moja, na watu waseme Elkana aliliwasha na Mwalimu akalizima. Nimelifikiria hilo. Kesho kutwa ni Jumapili. Tangu leo najua kwamba sitakuwa na hamu, kama mtu anavyojua kwamba kutakuwa na jua. Nitavuka. Nitaanzisha wimbo wa kwanza.

Wewe ulikuwa rafiki yangu, na hilo ndilo linalonizuia kukusahau, jambo ambalo lingekuwa jepesi. Ungeniambia ukweli siku ile botini, ningekubeba. Nisingejua kulia, lakini ningesoma zaburi polepole mpaka upumue. Hukunipa nafasi hiyo. Sijakusamehe. Huenda nitakusamehe, sikuahidi lini.

Ninaloahidi ni hili. Atakayeongoza baada yangu, nitamweleza mapema, tukiwa wawili tu, kabla ya mtu mwingine kujua: siku nyingi hutasikia kitu, si wewe wa kwanza, na watu wanangoja wimbo. Kisha nitamwuliza kama anataka, na nitalingoja jibu lake.

Kwaheri, Elkana.

Thadayo